Mama Alipoingia Maktabani

Kwa miaka mingi nilipita mbele ya maktaba ya Kayanga nikiwa na haraka. Nilikuwa mfanyabiashara wa maharage na dagaa, natoka Kayanga kwenda Murongo mpakani na kurudi, na mtu wa kazi kama yangu huyajua majengo kwa matumizi yake. Hapa pana choo, hapa mwenye duka anakubali kukuwekea mzigo, hapa ukisimama mvua haikupati. Maktaba niliiweka katika kundi hilo la mwisho, kwa sababu ina baraza pana na bati lake halivuji. Ndani sikuwahi kukanyaga. Nilimaliza darasa la saba nikijua kusoma vizuri tu, kisha maisha yakaanza, na tangu hapo nilichosoma ni meseji za simu na maandishi ya kwenye magunia.

Kilichoniingiza ndani ni mguu. Nilikuwa natoka Murongo kwa bodaboda, mvua imenyesha, na kwenye mteremko mmoja pikipiki ikateleza ikanilalia. Dereva aliamka na michubuko. Mimi mfupa wa chini ya goti ulivunjika. Nilikaa na plasta muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa, na ilipotolewa nikaambiwa niwe nakuja hospitali Kayanga kila wiki kufanya mazoezi ya kuunyoosha mguu. Jirani yangu anayefanya kazi ofisi za wilaya alinipa lifti kwenye gari lake asubuhi, lakini kurudi ilikuwa mpaka atoke kazini. Mazoezi yalikwisha mapema. Muda wote uliobaki sikuwa na pa kwenda na magongo yangu, nikawa nakaa kwenye baraza ya maktaba.

Siku moja mkutubi akatoka nje. Ni dada mdogo kwangu sana, umri wa kuwa binti yangu, mpole wa sauti lakini si mpole wa maamuzi, kama nilivyokuja kujua baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unakaa kwenye baridi? Ndani kuna viti."

"Mimi sikuja kusoma. Nasubiri usafiri."

"Basi subiria ndani, mama. Hakuna atakayekuuliza umekuja kusoma nini."

Nikaingia. Nilitegemea kukuta kimya cha kutisha, lakini haikuwa hivyo. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wamejazana meza moja wananong'onezana hesabu. Mzee mmoja alisoma gazeti la juzi kwa utulivu kana kwamba ni la leo. Mama mwingine alimshika mtoto mapajani wakitazama kitabu cha picha za wanyama, na mtoto akipiga kelele ya ng'ombe kila wakifika kwenye ng'ombe. Mimi nilichukua gazeti ili nisionekane nimekaa bure, nikalifungua, na herufi zote zikawa kama mchwa wanatembea.

Mkutubi aliniona nikilisogeza mbali na kulirudisha. Akafungua droo ya meza yake, akatoa miwani kadhaa.

"Watu husahau miwani hapa, hawarudi kuichukua," alisema. "Jaribu, mama, uone ipi inakufaa."

Nilijaribu moja baada ya nyingine, nyingine za kiume zikinishuka puani, mpaka moja ikayasimamisha yale maandishi. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeamini kwamba kusoma kumenitoka, kumbe ni macho tu.

Nilianza na kitabu cha ufugaji wa kuku, maana kuku wangu walikuwa wamekufa wote kwa kideri nikiwa kitandani, na nilitaka kujua kama ningeweza kuwaokoa. Nikagundua kwamba ningeweza. Iliniuma kidogo, lakini nikaendelea. Baada ya hapo mkutubi akanipa riwaya, akaniambia kama haitanifurahisha niirudishe bila hata kueleza. Ilihusu mwanamke aliyefungua mgahawa stendi baada ya mumewe kumwacha. Niliisoma nikiwa nimesahau mguu, nikiwa nimesahau hata jirani yangu, ambaye siku hiyo ilibidi aingie ndani kunitafuta. Tangu hapo siku ya mazoezi nikawa naingoja kama sikukuu. Mguu ulipoanza kukubali kukanyaga nikawa nakwenda hata siku zisizo za mazoezi.

Ndivyo nilivyowakuta wanawake wa Jumamosi. Walikuwa wanakutana mchana kwenye chumba cha pembeni cha maktaba. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine mikono inafanya kazi: wengine wanafuma vitambaa vya kochi, wengine wanasuka vikapu. Akichoka msomaji, mwingine anapokea kitabu na yeye anapokea kazi ya mwenzake. Walinikaribisha, na nikaona aibu kukaa mikono mitupu. Jumamosi iliyofuata nikaja na nyasi na uzi wa mkonge, nikaanza kikapu chenye mfuniko wa kuchongoka, kama alivyonifundisha mama nikiwa msichana. Sikuwa nimesuka tangu nilipoanza biashara.

Kati yetu alikuwemo bibi mmoja wa Bweranyange aliyekuwa amehamia Kayanga kwa binti yake. Alisifika kwa kusuka. Alikichukua kikapu changu, akakigeuza, akapitisha kidole ndani.

"Mkono huu si wa kwetu," alisema.

"Ni wa mama yangu, bibi."

"Mama yako alitoka wapi?"

Nilisita. Ni swali nililolijibu mara nyingi maishani, na si mara zote lilikuja kwa heri. "Rwanda," nikasema. "Alikuja akiwa ameolewa karibuni. Mimi nimezaliwa huku huku, Kyerwa."

"Basi nifundishe huu mfuniko," akasema. "Nimeuona maisha yangu yote kwa jirani zetu, na sikuwahi kumwomba mtu anifundishe."

Nikamfundisha mfuniko, naye akanifundisha mapambo ya Kinyambo, kabila lake, ya kubadilisha rangi bila fundo kuonekana. Tukawa tunakaa karibu kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa utani, na akichoshwa na mhusika fulani wa kitabu alimsema kana kwamba ni mkwe wake.

Sasa, katika maktaba hiyo kulikuwa na rafu moja iliyoandikwa kwamba ni ya mambo ya Karagwe na Kyerwa. Ilikuwa rafu karibu tupu. Mwalimu mmoja mstaafu, mpenzi mkubwa wa historia, alikuwa anakuja mara kwa mara kuitazama na kusikitika. Yeye na mkutubi wakakubaliana kwamba kama vitabu havipo, basi watu wapo. Wakatangaza kanisani na sokoni kwamba Jumamosi fulani kila mwenye kumbukumbu ya sehemu hizi aje aeleze, irekodiwe kwa simu, iandikwe, ijalidiwe, iwekwe rafuni.

Watu walikuja wengi hata viti havikutosha. Mwalimu alieleza habari za Bweranyange ilipokuwa makao ya wafalme, na wahunzi waliofua vyuma vilivyosifika mbali. Mwingine alieleza namna vilima vilivyopata majina. Mwingine akaeleza lori la kwanza kuingia kijijini kwao, jinsi wanawake walivyolikatia majani wakidhani linakula. Nilifurahi kweli. Nilikaa nyuma na kikapu changu, na katika ile furaha nikajikuta nimenyoosha mkono.

"Na wale waliokuja kufanya vibarua kwenye kahawa," nikauliza, "habari zao nazo zinaandikwa?"

Aliyejibu hakuwa mwalimu wala mkutubi. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu anayeheshimika mjini, aliyekaa mstari wa mbele. Hakunijibu kwa ukali. Alijibu kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia.

"Hiyo ni historia ya huko walikotoka, mama. Hapa tunaandika ya wenyeji."

Watu wachache walicheka, kicheko kidogo tu cha kawaida. Mwalimu alifungua mdomo kutaka kusema kitu, lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga bati kwa nguvu, hakuna aliyesikia mwenzake, na kikao kikavunjika kila mtu akitafuta pa kupita. Mimi nilichukua gongo langu nikatoka kwenye mvua hiyo hiyo.

Nilipofika nyumbani nilijiambia kwamba hakuna kilichotokea. Sikutukanwa. Lakini niliona uzito kuurudia mlango ule. Nimezaliwa Kyerwa, nimesoma Kyerwa, nimewazika baba na mume wangu katika ardhi hii, na bado neno dogo la mtu mpole liliweza kunisogeza nje ya baraza. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Iliyofuata pia sikwenda. Jirani alipouliza nikamwambia mguu umerudi kuuma.

Ndipo bibi wa Bweranyange akaja kwangu. Nilisikia bodaboda ikisimama, nikatoka, nikamkuta anashuka polepole, ameshika bega la dereva, mkono mwingine umebeba mfuko.

"Shikamoo, bibi. Umejuaje ninapokaa?"

"Marahaba. Nimemwuliza jirani yako. Umeniacha na mfuniko katikati, nimekuja nao."

Nilimkaribisha, nikamwekea chai. Alitoa ule mfuniko, kweli ulikuwa umeishia katikati na umeanza kupinda, tukautengeneza bila kusema mengi. Kisha akauweka pembeni.

"Mama yangu alikuwa na kahawa nyingi," alisema. "Waliomsaidia kuchuma walikuwa wanawake waliotoka ng'ambo, kama mama yako. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa shambani, mvua inanyesha, nyumbani hakuna mtu. Wale wanawake ndio waliompokea. Mmoja alivua kanga yake akamfunika. Sasa ukiandika habari za nyumba yetu ukawaacha wale, huyo mdogo wangu utaandika alipokelewa na nani?"

Machozi yalinitoka, naye akayaacha yatoke bila kunibembeleza.

"Mama yako yupo?" akauliza.

"Yupo, bibi. Yuko kwa kaka yangu, upande wa Nkwenda."

"Basi twende tukamsikilize. Mkutubi nimeshamwambia. Amesema simu ya kurekodi ataibeba mwenyewe."

Tulikwenda watatu. Mama yangu tulimkuta uani anachambua maharage, amenyoosha miguu kwenye mkeka. Ni mzee sasa, mwembamba, kusikia bado anasikia vizuri kuliko mimi. Alifurahi kuniona natembea. Lakini nilipomweleza kilichotuleta, alikunja uso.

"Wanataka kujua nilitoka wapi?" aliniuliza kwa lugha yetu. "Ni watu wa serikali?"

"Hapana, mama. Ni watu wa maktaba. Wanaandika kumbukumbu za watu."

"Kila aliyewahi kuniuliza nilitoka wapi alikuwa na sababu."

Mkutubi hakutoa simu. Alikaa mkekani, akavuta maharage upande wake, akaanza kuchambua. Akamweleza mama kwamba asipotaka kusema, wao watachambua maharage, watakunywa chai, watarudi. Akisema kisha asipende kilichoandikwa, kitafutwa. Mama alimtazama kwa muda, akainuka akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Alirudi na kibakuli cha kahawa ya kutafuna, ile inayopikwa na kukaushwa na maganda yake, akampa bibi kwanza kwa mikono miwili, kisha mkutubi, kisha mimi.

Bibi aliipokea, akatabasamu. "Unakaribisha wageni kama sisi," akamwambia kwa Kinyambo.

"Nilifundishwa na mama mwenye kibanja, lile shamba la kahawa na migomba tulilofikia," mama akajibu kwa Kinyambo chake chenye lafudhi ya kwao. "Aliniambia mgeni asiondoke mdomo mtupu."

"Huyo mama mwenye kibanja alikuwa nani?"

Na hapo mama akaanza, akichanganya Kinyambo na lugha yetu. Mkutubi alinitazama mimi, mimi nikamtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa, na simu ikawashwa.

Alisema walifika yeye na baba wakiwa na mkeka, chungu na jembe. Walikuwa wameomba kazi nyumba kadhaa wakaambiwa hakuna. Katika nyumba ile alitoka mwanamke, hawakuelewana vizuri lugha, lakini alimtazama mama tumbo, maana alikuwa na mimba ya kaka yetu mkubwa, akaenda jikoni akarudi na ebitoke, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mama alisema alikula mpaka akaona aibu. Walipewa kona ya kulala, wakachuma kahawa, wakaianika kwenye mikeka, wakaigeuza, wakaikimbiza ndani mvua ikija. Baada ya misimu kadhaa mume wa mama yule aliwaonyesha pembe moja ya chini, kuelekea bondeni, iliyokuwa imeachwa ikawa kichaka. Mkewe aliwapa machipukizi ya migomba. La kwanza alilipanda pamoja na mama, akamfundisha kukata majani yaliyokauka na kutandaza nyasi shinani.

"Mgomba ule ulipozaa," mama alisema, "nilimpelekea mkungu wa kwanza. Hakukubali kuula peke yake. Aliita majirani, tukapika pale uani kwake, tukala wote. Tangu siku ile, nikisema naenda nyumbani, nilikuwa namaanisha huku."

Haya nilikuwa nimeyasikia vipande vipande. Kilichofuata sikuwahi kukisikia. Mama alisema kulikuwa na vipindi vya maneno, watu wakisema wageni wataondolewa. Vipindi hivyo vilikuja na kupita kama ukame. Sisi watoto hatukuambiwa.

"Kila redio ilipotaja habari za wageni," alisema, "baba yenu alilala na viatu."

Nilimkumbuka baba. Nilikumbuka viatu vyake vyeusi vya kamba, na jinsi siku nyingine asubuhi alivyoamka tayari amevivaa, na sisi tukimcheka kwamba baba ana bidii, anakwenda shambani na viatu vya kanisani. Kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akatazama migomba. Bibi wa Bweranyange alimshika mama mkono.

Tuliporudi Kayanga, mkutubi aliniambia kazi ya kuandika ni yangu. Nilikataa. Nikamwambia elimu yangu haifiki huko. Akanijibu kwamba yeye haijui lugha ya mama yangu, na kwamba meza iliyo karibu na dirisha ina mwanga mzuri. Hivyo nikawa nakaa pale, sauti ya mama masikioni, kalamu mkononi. Maneno mengine nilikuwa nayajua kwa lugha yetu tu. Nilifungua kamusi, jambo nililokuwa sijalifanya tangu shuleni, nikakaa na neno moja hata nusu saa, nikiulizana na mkutubi kama "kimbilio" na "hifadhi" ni kitu kimoja. Mwalimu mstaafu alikuwa anapita na kusoma. Aliniomba radhi kwamba siku ile mvua ilimzidi sauti, na baada ya hapo hakulirudia jambo hilo, alinisaidia tu. Nilipokuwa nimeandika sentensi nzuri nzuri kuhusu machungu ya uhamisho, aliweka kidole hapo.

"Mama yako alisema hivi?"

"Hapana, mwalimu. Hii nimeongeza ili ipendeze."

"Iondoe. Aliyosema yeye yanatosha."

Nikaiondoa. Naye alikuwa sahihi.

Siku ya kuwasomea watu maandishi hayo maktabani, kaka alimleta mama Kayanga. Alivaa kitenge chake cha kanisani na mtandio mweupe. Mlangoni mwa maktaba aliinama kuvua viatu. Mkutubi akamwahi, akamwambia hapana, mama, ingia navyo. Akaingia, akasimama katikati ya rafu, akazitazama kutoka chini mpaka juu. Mama hajui kusoma.

"Walioandika hivi vyote wako wapi?" akaniuliza.

"Wengine wamekufa, wengine wapo."

"Na bado wanasema."

"Ndiyo, mama."

Alikaa mstari wa mbele, bibi wa Bweranyange pembeni yake. Watu walikuwa wengi kama mara ya kwanza, na mnunuzi wa kahawa alikuwepo. Nilimwona, nikaziinua karatasi hata hivyo. Nikasoma. Mwanzo sauti haikutoka vizuri, kisha ikatoka. Nilipofika kwenye mama mwenye kibanja na chakula chake, wanawake wa Jumamosi waliguna kwa kukubali, kama tunavyofanya kwenye riwaya. Viatu vya baba nilivisoma bila kuinua kichwa. Nilimaliza, nikakaa.

Mnunuzi wa kahawa alisimama. Nilidhani anataka kunijibu tena. Lakini hakunitazama mimi, alimtazama mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Baba yangu alikuwa na vibarua waliotoka huko. Nilicheza na watoto wao, tulichunga mbuzi pamoja. Kisha asubuhi moja hawakuwepo. Nilimwuliza baba, akaniambia nikale. Mpaka leo sijui walikwenda wapi." Akawataja majina, wote wa nyumba ile, mpaka mtoto mchanga. "Labda wewe uliwafahamu?"

Mama alifikiri. Alimwuliza mlima, akamwuliza bonde, akamwuliza kama baba wa nyumba ile alikuwa anachechemea.

"Alichechemea," mnunuzi akasema.

"Mama yao nilimfahamu. Walihamia upande wa Kaisho. Amezikwa huko, na binti mmoja ameolewa huko huko, yuko hai. Mwanangu anaweza kukuelekeza."

Yule mtu aliendelea kusimama kidogo, akashukuru, akakaa. Hakuniomba msamaha kwa neno lile, si siku hiyo wala baadaye, na nilipoona uso wake nikaacha kuungoja. Alikwenda Kaisho. Najua kwa sababu mwezi uliofuata alileta maktabani maelezo yake mwenyewe, kurasa chache zenye mwandiko wa haraka, kuhusu watoto aliochunga nao mbuzi. Sasa zimekaa kwenye ile rafu, jirani na za mama.

Tulipokuwa tunatoka, mama alinishika mkono kwenye ngazi.

"Sikujua kwamba yale ni historia," alisema. "Nilidhani ni taabu tu."

Mguu wangu ulipona, ingawa siku za baridi unanikumbusha. Nimerudi kwenye biashara, nasafiri tena mpaka Murongo. Kilichobadilika ni kwamba kwenye mizigo yangu sasa huwa kuna sanduku la vitabu. Mama aliporudi kwake aliwasimulia majirani, na majirani wakaanza kuuliza kwa nini wao maktaba iwe mbali hivyo. Nilimfikishia mkutubi swali lao. Alisema jengo hawezi kulihamisha, lakini vitabu vina miguu ya watu. Akaandaa sanduku, mimi nikawa nalipeleka, na fundi cherehani mmoja karibu na kwa kaka akakubali kulihifadhi dukani kwake. Vilivyosomwa navirudisha Kayanga, vipya navipeleka. Cha kwanza kuisha kurasa kwa kushikwa kilikuwa kile cha kuku.

Nimepewa vitu vingi na mahali pale, na nikijaribu kuvishukuru sijui nianzie wapi. Nilipewa kiti nikiwa na magongo, nikapewa macho, nikapewa marafiki wa kusuka nao. Nilipewa baba yangu upya, na hilo nadhani ni kubwa kuliko yote. Nilimwambia mkutubi hivyo siku moja, kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekumbuka kurudisha ile riwaya ya mwanamke wa baharini, maana kuna mtu anaingoja.

Sikuwa nimeirudisha. Ilikuwa kwa mama. Jumapili mchana nikiwa huko namsomea, na majirani zake huja na kazi zao za mikono wakasikiliza. Riwaya ile ilihusu mke wa nahodha ambaye mumewe anapotea miaka, kisha anarudi na kukuta mke ameanza maisha mengine. Jumapili iliyopita tulifika pale mume anapogonga mlango. Mama aliniambia nisimame kwanza.

"Asimfungulie," akasema.

"Amfungulie," akasema jirani yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa anafuma. "Ni mumewe. Alizuiwa na bahari."

"Bahari haikumzuia kutuma salamu."

Wakaanza kubishana, na wengine wakaingia upande huu na upande ule. Mmoja akadai mwandishi mwenyewe hajui ndoa. Kaka yangu alipita na debe la maji, akaulizwa maoni yake, akaharakisha kuondoka. Nilikifunga kitabu nikitaka kuwaacha wamalize, wakanigeukia wote kwa pamoja.

"Fungua," mama akasema. "Tusikie alifanyaje."